Gari Lisilozidi Ishirini

Kiomboi,
12 Agosti 2023

Mdogo wangu Leonidas,

Sisi huku tunaamka na tunakula, na wewe huko Rungwa naamini tembo hawajakukanyaga bado. Alizeti tumeshavuna. Si nyingi, maana mvua ilikata mapema, lakini mafuta ya kupikia mwaka huu hatununui dukani. Leah wa shangazi amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la babu. Yule mbuzi mwekundu mkorofi amezaa pacha, nao wakorofi kama mama yao. Mchungaji anakuulizia kila Jumapili, nami kila Jumapili nasingizia kazi zako.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Baba yuko nami kutwa, na simu ikilia tu anataka niweke sauti kubwa amsikie Leo wake. Na jambo lenyewe ni lake.

Baba anapotea. Wiki iliyopita alitoka na gari kwenda mashineni kusaga, hapa hapa, njia anayoipita tangu mimi sijazaliwa. Jioni nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua yuko Misigiri. Kuna mzee kasimamisha gari katikati ya lami, malori yanapiga honi, yeye anauliza njia ya kambi ya visima. Jamani! Mradi wa visima ulifungwa wewe uko sekondari, wakamuuzia hilo gari kwa sababu alilitunza kuliko mtu mwingine yeyote. Mahindi yalikuwa bado nyuma ya gari, hayajasagwa.

Hilo ningelimeza. Lakini Jumatatu alipita mbele ya shule ya msingi watoto wakitoka, kwa ule mwendo wake wa zamani wa kuwahisha mabomba, na mwalimu anasema watoto waliruka mtaroni. Nilipomuuliza akashangaa. "Watoto gani, Selina?"

Nikaficha ufunguo. Leo, baba alilia. Hakulia mbele yetu alipokufa mama, hakulia alipokufa kaka Antipasi, akalilia ufunguo. Akaniambia, "Dereva akinyang'anywa ufunguo maana yake amefukuzwa kazi. Nimekosa nini?" Nikamrudishia. Ndiyo, nimemrudishia, nigombeze ukitaka.

Wewe ndiye mtu wa magari, na ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Njoo. Kama huwezi kuja, basi niambie nifanye nini kabla hajaua mtoto wa mtu.

Dada yako,
Selina


Rungwa,
9 Septemba 2023

Dada Selina, shikamoo.

Barua yako ilikaa Itigi kwa kondakta mpaka akaisahau, akaikumbuka alipokuwa anatafuta chenji. Mimi nipo. Nyuki mwaka huu wamefanya kazi kuliko binadamu, na nimekuwekea asali ya miombo, ile nyeusi unayoipenda. Mwambie Leah hongera sana.

Sasa sikiliza vizuri. Hapa kambini kwa watalii tuna kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti. Unakichomeka chini ya usukani, kinashikana na simu, halafu programu iliyoko kwenye simu inaongea na kontroboksi, ile kompyuta ya gari. Inakuambia joto la injini, hali ya dizeli, kasoro zote hata zile ambazo gari lilikuwa linazificha. Na si kusoma tu, dada, unabadilisha pia. Mimi hapa magari ya wageni nimezima zile kelele za mkanda wa kiti zinazowafukuza wanyama. Tulipofunga matairi makubwa ya mchanga nikaingiza kipimo kipya ili spidomita isidanganye. Taa nimeziagiza zibaki zinawaka kidogo mgeni anaposhuka, asije akamkanyaga nyoka. Gari ni lile lile ila lina tabia nyingine.

Nakutumia kidude hicho pamoja na barua hii. Programu nimekuandikia jina lake nyuma ya karatasi, ipakue ukiwa na mtandao mzuri. Washa swichi ya gari bila kupiga injini, chomeka, subiri simu iseme imeshikana. Ingia palipoandikwa mwendo wa juu kabisa. Futa namba iliyopo, andika ishirini. Kubali. Zima, subiri kidogo, washa tena. Usiguse kitu kingine chochote, nakuomba, hasa palipoandikwa breki.

Ataendelea kuendesha, ufunguo utakaa mfukoni mwake, hatakuwa amefukuzwa kazi. Ila mtoto atamsikia na kukaa pembeni, na Misigiri hatafika kabla wewe hujamfikia kwa bodaboda.

Usimwambie yeye, na usimwambie mtu mwingine yeyote. Kiomboi jambo likijulikana na mmoja linafika sokoni kabla ya mboga. Kidude nirudishie kwa kondakta huyo huyo, ni mali ya kambi.

Kuhusu kuja, msimu wa wageni umekaza. Tutaona.

Leonidas


Kiomboi,
8 Oktoba 2023

Leo mdogo wangu,

Asali imefika, imevuja nusu kwenye begi la kondakta, na ameapa hatabeba tena. Watoto wa Leah wote wanakohoa ila si kukohoa kwa kutisha.

Nimefanya. Nilingoja baba aende kwenye kikao cha wazee wa usharika, nikaingia garini kama mwizi. Simu iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza mara mbili. Kisha nikatoka, nikaenda kupepeta mtama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kesho yake alitoka. Nilisimama getini nikimtazama. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri tu, gari likaenda taratibu kama limebeba mayai. Kwenye mashimo akapunguza zaidi, ng'ombe wa jirani wakampita. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alimsalimia, akatembea naye sambamba, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Nilicheka, Leo, nisikudanganye, nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akasimama, akashuka, akafunua boneti, akaweka kiganja juu ya injini kama anapima homa ya mtoto. Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Amelipeleka kwa mzee Simeoni. Si unajua, Simeoni hajawahi kushindwa na gari hilo, tangu enzi za mradi, baba akiendesha na yeye akitengeneza, wakilala chini ya lori moja. Na ni Julai tu alishusha pampu ya dizeli na nozeli zake akazisafisha. Amelizunguka, amelisikiliza, amebadilisha filta, amevuta dizeli yote akaweka nyingine. Amemwambia baba, "Sostenes, injini hii nzima kabisa, sielewi." Nilikuwa nimesimama pale pale nimebeba chai yao.

Usalama upo. Juzi alipita shuleni na watoto walimkimbilia wakining'inia nyuma ya gari, yeye anacheka. Hilo nakushukuru kwalo. Kidude chako hicho kinarudi.

Selina


Rungwa,
2 Novemba 2023

Shikamoo dada.

Kidude kimefika. Huku jua ni kali, wageni wanapungua, chui mmoja amezoea jiko letu na mpishi ametishia kuacha kazi.

Nimefurahi sana. Nimesoma ile sehemu ya ng'ombe kumpita nikawasomea na wenzangu. Umefanya kazi safi, ungekuwa fundi wewe. Simeoni atachoka kutafuta, ataacha, baba atazoea. Watu wanazoea. Vumilia tu.

Leonidas


Kiomboi,
10 Desemba 2023

Leonidas,

Mvua zimeanza, tumepanda. Shangazi anaumwa miguu. Nilivumilia kama ulivyosema, sasa sikiliza matokeo ya uvumilivu.

Baba anasema Simeoni amemwibia. Anasema Julai aliposhusha pampu na nozeli alichomoa zile orijino akamwekea feki, ndiyo maana gari limekufa nguvu. Unajua mwenyewe neno hilo kwa fundi ni nini. Hakuna aliyemwambia, amelifikiria peke yake kitandani, na likishaingia kwake halitoki. Vitu vingine vyote vinatoka, Leo. Majina yanatoka, siku zinatoka, juzi ameniuliza mama amekwenda wapi. Hili limekaa.

Jumamosi alikwenda gereji, mwendo ule wa ishirini, akasimamisha gari katikati ya uwanja, mafundi wote wapo na wateja wapo. Nilimfuata mbio nikafika katikati ya maneno.

"Simeoni, nirudishie vitu vyangu."

"Vitu gani, ndugu yangu?"

"Ndugu yako nani? Ndugu haibi. Umezeeka vibaya wewe."

Simeoni hakujibu kwa hasira. Alifuta mikono kwenye tambara, akasema, "Sostenes, tulipeleke Singida mjini walipime kwa kompyuta. Huenda ni kontroboksi, mimi ya hivyo siyajui. Nitapanda na wewe." Baba akamjibu mbele za watu, "Ukamalizie kuiba huko?" Nilimshika mkono baba nikamwondoa. Nilipogeuka nikamwona Simeoni bado ameshika lile tambara, anatazama chini.

Tangu siku hiyo wenye magari wanapeleka gereji ya juu barabarani. Baba ni mzee wa kanisa, wote wanajua hajawahi kumsingizia mtu, na wengi hawajui kwamba akili yake inapungua, kwa sababu mimi na wewe tunaificha. Simeoni naye amejitoa kwenye baraza la wazee. Amesema hawezi kukaa meza moja na mtu anayemwita mwizi.

Nitumie kidude, Leo. Nataka nirudishe ile namba. Na nataka nimwambie Simeoni. Ninaomba ruhusa yako kwa sababu tulikubaliana wawili, lakini sitaomba milele.

Dada yako


Rungwa,
14 Januari 2024

Dada, shikamoo. Heri ya mwaka mpya, nimechelewa, barabara imekatika kwa maji na basi linageuzia Itigi.

Nimekusoma. Naomba utulie. Ukirudisha namba, atafika tena barabara ya malori, na safari hii hatapata mtu mwema wa kukupigia simu. Ukimwambia Simeoni, atamwambia baba, haki yake kabisa, na baba atajua kwamba watoto wake walimfunga breki kama mtoto mchanga na kumchekea getini. Hapo utakuwa umeokoa nini?

Simeoni ni fundi. Fundi gani hajaambiwa ameiba spea? Mimi hapa naambiwa kila wiki. Litapita.

Kidude kinatumika, tunatengeneza magari yote kabla msimu haujafunguliwa. Siwezi kukitoa sasa.

Wasalimie wote.

L.


Kiomboi,
4 Februari 2024

Leonidas,

Safari hii sina salamu.

Simeoni alikuja hapa baba akiwa amelala. Hakutaka kuingia ndani. Amekonda. Mke wake, mama Eliza, anasema hali chakula, anakwenda gereji anakaa kwenye kiti mchana kutwa anatazama mikono yake. Akaniambia, "Mwanangu Selina, wewe ndiye unayekaa naye. Nieleze. Kuna kitu nilikosea Julai? Nimerudia kichwani kila nati niliyofungua. Kama nilikosea niambie, nitapiga magoti, lakini sikuiba." Ananiuliza mimi! Nikamwambia, "Baba mdogo, hukukosea." Akasubiri nimalizie. Sikumalizia. Kwa sababu yako sikumalizia, na kwa sababu ya woga wangu. Akasema haya, mwanangu, akaondoka anapita kando kando ya ukuta.

Unasema barabara imekatika. Novemba haikuwa imekatika. Agosti haikuwa imekatika. Msimu wa wageni ukifunguliwa una kazi, ukifungwa una kazi. Kwa nini huji nyumbani? Niambie kweli, mimi si kondakta wa kudanganywa.

Selina


Rungwa,
3 Machi 2024

Dada yangu Selina, shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo mpaka imechakaa mfukoni. Nakujibu ulichouliza.

Mwaka juzi nilipokuja Pasaka, wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi. Nilimkuta baba uani. Alifurahi sana, alinikumbatia, akasema, "Antipasi, umerudi." Nikamwambia mimi ni Leo. Akanitazama akaniambia, "Leo ni mdogo, yuko shule." Nikacheka, nikadhani ni utani. Tulikaa siku nzima mimi nikiwa kaka. Ananiuliza habari za jeshini kwa kaka, namjibu. Alikuwa na furaha ambayo mimi mwenyewe sijawahi kumpa. Jioni nikamwambia tena, baba, ni mimi Leo, Antipasi alifariki. Aliipokea ile habari kana kwamba ndiyo imefika sasa hivi. Alianguka chini, dada. Asubuhi akawa amesahau, ananipa chai kama mgeni wa kawaida. Nikaondoka na basi la kwanza.

Ndiyo sababu. Gari naweza kulipima nikiwa mbali, baba siwezi kumtazama. Nilipopata barua yako ya kwanza nilishukuru kwamba kuna kitu cha kufanya kwa simu. Huo ndio ukweli na ninauonea aibu.

Mwambie Simeoni. Mwambie yote, taja jina langu kwanza. Kidude nimeweka humu ndani ya bahasha. Rudisha namba kama unaona inafaa, au subiri nije tufanye pamoja, mvua zikipungua nitakuja. Mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nifike mwenyewe.

Mdogo wako,
Leo


Kiomboi,
7 Aprili 2024

Leo,

Barua yako na kidude nimevipokea Ijumaa. Kondakta alinikuta nimekaa na wanawake nyumbani kwa mama Eliza, tunamenya viazi vya msiba.

Mzee Simeoni amefariki Jumatano. Alikaa kwenye kile kiti chake gereji, kijana aliyekuja kuomba pampu ya upepo akadhani amesinzia. Wanasema moyo. Alikuwa na tatizo la moyo tangu zamani, mama Eliza mwenyewe ameniambia hivyo kabla sijasema lolote, kana kwamba anajua nilichokuwa nataka kusema.

Baba amekataa kwenda mazikoni. Amevaa koti, amevaa viatu, nikadhani tunakwenda, kumbe anakwenda kukaa ndani ya gari. Nimemsihi, mchungaji amemsihi. "Simziki mwizi," akasema. Walizika bila yeye. Mtu aliyeshika kamba ya jeneza la mama yetu, baba hakumtupia hata udongo.

Baada ya wageni kutawanyika nilimwita mama Eliza pembeni nikamwambia yote. Nilimsomea na ile karatasi yako ya maelekezo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile alipokuja kwako, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akarudi ndani kwa waombolezaji.

Njoo. Sitaandika neno hili tena.

Selina


Rungwa,
15 Aprili 2024

Dada, nakuja. Nimeitanguliza karatasi hii kwa kondakta ili usishtuke ukiniona. Kidude kitunze.

Leo


Rungwa,
12 Mei 2024

Dada Selina, shikamoo.

Nimefika jana, nimechafuka vumbi mpaka kwenye meno. Nashukuru kwa mafuta ya alizeti na kwa kutonigombeza mbele ya watu. Kwa mama Eliza nitarudi, hata kama hakunikaribisha kiti.

Siku zile sikuweza kuzungumza, na wewe ulikuwa unaona upande mmoja tu. Acha nikuandikie kilichotokea garini.

Nilimkalisha baba mbele kushoto, mimi kwenye usukani, simu nikamshikisha yeye. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Baba, hii ishirini tuliandika mimi na Selina. Simeoni hakuondoa kitu. Sasa nairudisha namba yako." Alielewa, dada, nakuapia alielewa. Aliniita Leo. Akasema, "Kwa hiyo Simeoni hakuiba?" Nikasema hakuiba. Alilia, akasema twende kwake sasa hivi tukamwombe radhi, ikabidi nimwambie pia kwamba amekufa. Wewe ulitusikia kutoka uani, ukadhani nimempiga.

Asubuhi yake tukatoka naye, mimi nikiendesha. Gari likachukua mwendo, unajua lilivyo. Baba akapiga dashibodi kwa furaha. "Unaona, Antipasi! Simeoni amerudisha nozeli zangu. Alipojua anakufa aliogopa Mungu, akarudisha."

Nikasimamisha gari nikamweleza upya. Akaelewa upya, akalia upya. Mchana alikuwa amerudi pale pale, Simeoni amerudisha. Nilimweleza kila siku mpaka siku ya kuondoka. Ule uongo aliupata akiwa bado na pa kuuweka. Ukweli umekuja hana pa kuuweka.

Na ufunguo uliona mwenyewe alivyonikabidhi. Hakunyang'anywa. Alilizunguka gari, akapiga teke kila tairi, akasema, "Sasa ni zima. Dereva hakabidhi gari bovu." Nimeendesha miaka yote hii na sikulifikiria. Tangu Oktoba alikuwa anang'ang'ania usukani kwa sababu gari lilikuwa linaumwa, na sisi ndio tuliolitia ugonjwa.

Mwangalie. Na wewe ujiangalie.

Leo


Kiomboi,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Leo,

Kunde zimekauka, tunapura. Shangazi anatembea sasa, kwa fimbo na kwa matusi. Baba anakula vizuri na analala vizuri, na kila jioni ananiuliza kama gari limefungwa.

Asubuhi hii kanisani kulikuwa na shukrani ya familia ya mzee Simeoni. Mama Eliza alisimama mbele na wajukuu, kwaya ikaimba, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno la faraja. Baba akasimama. Nilimshika koti, akanitoa mkono taratibu, kwa heshima, kama anavyomtoa mtoto.

Amezungumza vizuri, Leo. Sauti yake ile ya zamani. Akasema, "Ndugu zangu, marehemu alikuwa rafiki yangu. Alinikosea, mnajua. Lakini kabla hajafa alirudisha alichochukua, gari langu sasa ni zima. Mimi Sostenes mbele ya madhabahu hii nimemsamehe Simeoni. Mama Eliza, usibebe aibu yake." Na watu wakapiga makofi. Watu wakafuta machozi! Hata waliokuwa wanamtetea Simeoni niliwaona wanatikisa vichwa, kama wanaosema kumbe ni kweli alichukua.

Mama Eliza hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Baba, hakuiba. Gari tulilifunga mimi na Leonidas kwa simu, ili usiue mtu. Mzee Simeoni hakugusa kitu. Alikufa akiitwa mwizi na mimi nilikuwa najua." Hayo tu.

Baba akageuka akanitazama, akamtazama mchungaji, akatazama watu. Akauliza, si kwa hasira, aliuliza kweli, "Kama hakuiba, basi nimesimama hapa kumsamehe nani?"

Ni mama Eliza aliyeshuka kutoka mbele akamshika mkono, akamwambia, "Kaa, shemeji. Umechoka." Akamkalisha, akakaa naye mpaka ibada ikaisha. Mlangoni nilimsogelea. Akaniambia wazi, "Baba yako sina neno naye. Wewe usije kwangu."

Tulirudi kwa miguu. Watu walitupita bila salamu, na baba akaliona hilo. Nyumbani akaniuliza, "Selina, watu wamekasirika. Nani amekosa?"

"Ni mimi, baba."

"Umemkosea nani?"

"Mama Eliza."

Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Basi nenda ukaombe radhi, mwanangu. Usichelewe. Simeoni yupo, atakusaidia kuzungumza naye."

Nimekwenda. Nimebisha hodi nikataja jina langu. Ndani nilisikia mtu anafagia. Nilipobisha ufagio ulisimama, kisha ukaendelea. Nilikaa barazani mpaka jua likashuka, hakufungua, nikarudi kumpikia baba.

Kesho nitakwenda tena.

Dada yako,
Selina